Maisha Hayapimwi Jioni

Mtu akistaafu hapa Songea, kabla hajazoea kuamka asubuhi bila kazi ya kwenda, huulizwa maswali manne. Umejenga? Umesomesha? Watoto wako wapi siku hizi? Na kile kiinua mgongo umekifanyia nini? Huulizwa kwa wema kabisa: kijiweni, nje ya kanisa au msikiti baada ya ibada, kwenye foleni ya benki, msibani watu wakingoja mwili ufike. Anayeyajibu vizuri huhesabiwa kuwa amefanikiwa. Anayeinamisha kichwa huonewa huruma, na huruma ya hadharani ni mzigo mzito kwa mtu mwenye mvi.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha shule za msingi katika mkoa huu wa Ruvuma tangu ujana wangu, na sasa nimefika umri ambao vijana wakinipisha kiti sikatai tena. Maswali hayo nimesikia wakiulizwa wenzangu, na mimi mwenyewe nimeulizwa. Sina ugomvi na nyumba wala na ada za shule. Aliyejenga na kusomesha kwa mshahara wa ualimu amefanya kazi kubwa, na apewe heshima yake. Hofu yangu ni ile mizani iliyojificha nyuma ya maswali. Mizani hiyo humngoja mtu mwisho wa safari, ikaangalia kilichobaki mkononi, ikatoa hukumu. Wala hatukosi methali ya kuitia nguvu: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Kwa hesabu hiyo, kila mzee ni mla jana.

Nataka kuikataa hesabu hiyo, na nataka kuikataa nikiwa hapahapa Songea, kwa sababu sijui mji mwingine nchini ambao ungepoteza zaidi kama maisha ya watu yangepimwa kwa mwisho wake.

Mji huu unaitwa kwa jina la mtu aliyeshindwa vita. Nduna Songea Mbano alikuwa mmoja wa viongozi wakubwa wa Wangoni, watu ambao wazee wao walitoka kusini kabisa mwa Afrika, wakavuka Mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, wakafika hadi Ufipa, kisha baadhi ya makundi yao yakageukia huku. Vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka 1905 na kuingia Ungoni, Songea na wenzake walipigana wakiwa na imani kwamba ile dawa ya maji ingezima risasi za Wajerumani. Haikuzima. Tarehe 27 Februari 1906 ndiyo siku tunayoikumbuka kuwa ya kunyongwa kwao, na mashujaa wanaohesabiwa kunyongwa hapa mjini ni 67, wakiwamo Nkosi, yaani mtawala, Mputa Gama na Songea mwenyewe. Mashamba na maghala yalichomwa makusudi ili njaa imalize kazi iliyoanzwa na bunduki. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa katika vita hivyo na njaa iliyofuata, kusini yote, ni kati ya watu 75,000 na 300,000.

Sasa chukua ile mizani ya maswali manne uiweke mbele ya Songea Mbano siku yake ya mwisho. Boma lake limevunjwa. Ghala lake ni majivu. Watu wake wametawanyika porini wakila mizizi. Kwa mizani hiyo, huyu ni mtu aliyekosa kila kitu. Lakini mji unabeba jina lake, na jina hilo hatujalibadilisha. Kila mwaka ifikapo tarehe 27 Februari watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji, penye kaburi la pamoja na sanamu za wale waliouawa, wakapiga ngoma na kuyataja majina. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hadi hapo, akakutana na wazao wa Songea Mbano, na akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na nchi yake. Ilikuwa imepita miaka 117. Jioni ile ya mwaka 1906 hakuna aliyeweza kuona kwamba maisha yaliyokatwa kwa kamba yangekuwa bado yanazungumzwa hivyo.

Najua mzee mwenzangu ataniambia: mwalimu, hao ni mashujaa. Sisi tumeuza tumbaku, tumefundisha darasa la tatu, tumeendesha malori, tumelea watoto. Sisi hatutajengewa sanamu. Ni kweli. Kwa hiyo tushuke kutoka makumbusho twende kwa watu wa kawaida.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga waliingia porini katika wilaya ya Songea wakaanzisha kijiji cha Litowa. Walikuwa hawana mtaji wa maana. Walilima pamoja, wakagawana kilichopatikana, wakakaa vikao virefu vya kuamua mambo yao wenyewe. Kijiji kikavuta kijiji kingine, wakaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, hata ilipofika mwaka 1969 vijiji vilikuwa takriban 17. Walikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Walikuwa na shule ambayo watoto walisoma na kufanya kazi huku wakihesabiwa kuwa sehemu ya kijiji, na mengi yaliyoandikwa juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 yalikuwa tayari yanaonekana Litowa kwa macho. Mwalimu Nyerere alikipenda kijiji kile. Azimio la Arusha lilipotangazwa, watu wa Ruvuma hawakuhitaji kuelezwa ujamaa ni nini, walikuwa wanaulima.

Tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku chama hicho. Mali zake zikachukuliwa. Walimu wa Litowa wakahamishwa, kila mmoja na upande wake. Wakubwa wengi wa TANU hawakupenda wakulima wanaojiamulia mambo bila kungoja amri kutoka juu, na walioona hivyo wakashinda.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 Litowa mwaka 1963 sasa amepita 80. Nimewahi kukaa na wazee wa vijiji hivyo, na nilichokiona kwao ndicho kilichonifundisha zaidi juu ya uzee kuliko kitabu chochote. Ukiwauliza, “Iliishaje?” wanajibu kwa sentensi moja, na uso unafunga. Ukiwauliza, “Mlifanyaje mwaka wa kwanza, kabla mahindi hayajakomaa?” wanakaa sawa. Watakueleza nani alipika, nani aliugua, walivyogawana kazi, mvua ilivyochelewa, jinsi kijana asiyejua kusoma alivyosimama kikaoni akampinga mwenyekiti na akasikilizwa. Sauti inarudi ujanani. Ile miaka walikuwa huru kweli, walishirikiana kweli, walishiba kwa jasho lao kweli. Amri ya Septemba 1969 ilifunga chama, lakini haikuwa na uwezo wa kurudi nyuma ikafuta asubuhi zile walizokwisha kuziishi.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa la mizani ya jioni. Inadhani thamani ya maisha hukaa mwishoni, kama faida ya duka inavyosubiri kufunga hesabu. Thamani haikusubiri. Ilikuwapo siku ileile mtu alipotenda jambo jema, na siku hiyo imekwisha kuwa kweli. Hakuna kushindwa kwa baadaye kunakoweza kuifanya isiwe imetokea. Mzee anayesema “kazi yangu yote imekwenda bure” kwa sababu ushirika wake ulikufa, au kiwanda chake kilifungwa, au wanafunzi wake hawamkumbuki, anaipa siku ya mwisho mamlaka ambayo haina.

Kuna kundi jingine la wazee ambalo lina shida zaidi, kwa sababu halikuwa hata na jambo kubwa la kujivunia. Wakati wa ukoloni, Songea ilifanywa kuwa shimo la kuchota nguvu kazi. Wanaume wa Kingoni na majirani zao walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku uliyougua haikuhesabiwa. Wengi walirudi na blanketi, baiskeli, au mikono mitupu. Wengine hawakurudi kabisa, wakazeekea Tanga na makaburi yao yako huko.

Mtaani kwetu alikuwapo mzee mmoja wa kundi hilo, ambaye amekwisha kufariki. Kila alipoulizwa juu ya Tanga alisema, “Sikuleta kitu,” na mazungumzo yakafia hapo. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, tunaota jua kwa sababu ya baridi ya hapa kwetu, mjukuu wake aliyekuwa darasa la tano akamwuliza swali ambalo sisi watu wazima hatukuwahi kumwuliza: “Babu, mkonge unakatwaje?” Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akasimama. Akashika fimbo yake kama panga, akamwonyesha mtoto jinsi ya kuanza na majani ya chini, jinsi ya kuikata kwanza ile miba ya ncha ili isikutoboe jicho, jinsi ya kuinama bila kuumiza kiuno, jinsi ya kufunga matita, kila tita majani 30. Mikono yake, ambayo siku hizo ilitetemeka akishika kikombe, haikutetemeka. Alipomaliza alimwambia mjukuu, “Tulikuwa vijana wenye nguvu sana sisi.” Tangu siku ile sikumsikia tena akisema hakuleta kitu.

Sidhani kwamba maelezo yale yaliifanya Tanga kuwa mahali pema. Ulikuwa unyonyaji, na aliujua kuliko mimi. Kilichobadilika ni kwamba kwa mara ya kwanza alipimwa kwa alichojua na alichostahimili, na aliyempima alikuwa mtoto anayetaka kujua. Mtu anaweza kutumikishwa kwa udhalimu na bado akawa fundi wa kazi yake, na ufundi huo ni mali yake mwenyewe, haukuwa wa bwana shamba.

Na wanawake? Kwa wanawake wa rika langu, maswali manne ya kijiweni hata hayaulizwi, kwa sababu kazi zao nyingi hazikuwa na kiinua mgongo wala tarehe ya kustaafu. Ukimwuliza mama mtu mzima amefanya nini maishani, mara nyingi atakujibu, “Ah, mimi nilikuwa nyumbani tu.” Neno hilo “tu” linanikera kila nikilisikia.

Jirani yangu mmoja, mama aliyepita miaka 70, bado anachagua mbegu ya mahindi kwa mkono. Mbegu za dukani zipo na wanawe humletea, lakini ana mbegu yake ya asili aliyoachiwa na mama mkwe wake, na kila mwaka huitengea kipande cha shamba. Wakati wa mavuno huyatandaza mahindi uani, akayaangalia moja moja. Huangalia mistari kama imenyooka na majani kama yamefunika vizuri hadi nchani. Yaliyofaulu huyafunga kwa maganda yake na kuyatundika jikoni juu ya moto, moshi uyakinge na dumuzi. Mvua zikikaribia, mwezi wa kumi na moja, huyateremsha. Huondoa punje za nchani na za kitakoni, akapukuchua zile za katikati tu ndizo za kupanda. Anafanya kazi hiyo akizungumza mambo mengine kabisa, vidole vinajua vyenyewe. Katika mkoa ambao mahindi yake hulisha mikoa mingine na kujaza maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ni mikono ya namna hii iliyoshikilia mbegu miaka yote ya njaa, ya vita na ya bei mbaya. Mikono hiyo haijawahi kuandikwa popote. Siku nilipomwambia hivyo aliniangalia kwa mshangao, akasema, “Mwalimu, sasa nani angefanya?” Ndiyo jibu kamili. Kwa miaka hamsini alikuwa yeye ndiye aliyefanya jambo ambalo bila yeye lisingefanyika.

Wako pia waliokuwa na vyeo, na hao huumia kwa namna yao. Leo dereva anakufungulia mlango, kesho unasimama kituoni ukingoja bodaboda. Kwa watu hao namkumbuka mtoto wa mkoa huu, Rashidi Mfaume Kawawa, aliyezaliwa kijiji cha Matepwende, sasa wilaya ya Namtumbo. Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu na Kawawa akakabidhiwa nchi. Desemba mwaka huohuo Nyerere akawa Rais na Kawawa akarudi kuwa wa pili. Akawa Makamu wa Pili wa Rais, akawa Waziri Mkuu tena mwaka 1972, mwaka 1977 akashuka kuwa waziri wa ulinzi. Alipanda na kushuka ngazi hizo mbele ya taifa zima, na alipofariki tarehe 31 Desemba 2009 hakuna aliyemkumbuka kwa urefu wa kiti chake. Walimkumbuka kwa kazi na uaminifu. Kiti ni cha ofisi, nacho hubaki ofisini.

Wataalamu wa mambo ya uzee nao wana la kusema. Zamani madaktari wa nchi za Magharibi waliona tabia ya wazee kurudia habari za zamani kuwa dalili ya akili kuchoka. Mwaka 1963 daktari wa Marekani aitwaye Robert Butler aliandika kwamba sivyo: kuyapitia upya maisha ni kazi halali ya akili ya mtu anayejua kwamba safari inakaribia ukingoni, na ikifanywa vizuri humletea amani. Kabla yake mwanasaikolojia Erik Erikson alikwisha kusema kwamba kazi ya umri wa mwisho ni kuyakubali maisha yako kwa ujumla wake, na asiyeweza huangukia katika kukata tamaa. Huku kwetu hatukumngoja Butler. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kutumikia ofisi za serikali ya mkoloni kama karani, alikaa akaandika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, akayapitia yote: malezi, ndoa, kufiwa, kazi, dharau za ubaguzi. Alifariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53. Wakubwa wa ofisi alizotumikia hatuwajui hata majina. Karani ndiye tunayemsoma.

Lakini nisiseme kana kwamba kukumbuka ni utamu mtupu. Mwenye kuyapitia maisha yake kwa uaminifu atakutana na watu aliowadhulumu. Yuko mzee aliyemwachisha binti shule ili ndugu yake wa kiume asome. Yuko aliyekunywa pombe mshahara wa miaka mingi, na mke akabeba nyumba peke yake. Kumwambia mzee wa namna hiyo “yaliyopita si ndwele” ni kumnyima kazi yake ya mwisho na iliyo muhimu kuliko zote. Kujithamini hakuna maana ya kujisifu. Mtu anayejithamini ndiye mwenye nguvu ya kusema, “Hili nililifanya, lilikuwa baya, naomba radhi,” kwa sababu anajua yeye ni zaidi ya hilo baya. Nimeona familia hapa mjini zikikaa kikao, mzee akaomba radhi mbele ya wanawe wenye mvi, na nyumba ikapumua. Anayejiona si kitu hawezi kuomba radhi. Atabaki kujitetea hadi kaburini.

Na jambo jingine lazima lisemwe waziwazi: heshima ya maneno bila chakula ni nusu ya heshima. Tunapenda kusema penye wazee haliharibiki neno, na huku mzee yuleyule analala na njaa akilea wajukuu wanne walioachwa na wazazi waliokufa au waliohamia mjini. Taifa lina Sera ya Wazee tangu mwaka 2003, na mwenye miaka 60 na kuendelea ndiye anayehesabiwa mzee. Hospitalini lipo dirisha la wazee na tangazo la kumpisha mzee kwanza. Ni mambo mema, ila mwenye dirisha bila dawa bado hajahudumiwa. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Kiasi hicho kilikuwa kidogo, lakini jambo lenyewe ni kubwa, kwa sababu linamwambia mkulima, mvuvi na mama wa nyumbani kwamba nao walifanya kazi. Huku Bara, wakulima wetu wengi waliolisha nchi bado wanazeeka bila pensheni yoyote. Atakayeniambia nisichanganye tafakari ya roho na habari za fedha, aje aishi siku chache na mzee anayeomba nauli ya kwenda kliniki ya presha, kisha tuzungumze juu ya roho.

Hata hivyo, mzee asingoje pensheni, sherehe wala shukrani ndipo ajione mtu. Zikija, vema. Wanafunzi niliowafundisha kusoma ni wengi. Baadhi hunisalimia barabarani kwa shikamoo ya furaha, baadhi hupita bila kunitambua. Herufi wote wanazo. Mtu anayesoma kibao cha basi pale stendi hamkumbuki aliyemfundisha “ba, be, bi”, na basi halimpotezi kwa sababu hiyo. Nimeridhika nalo jambo hilo. Wema uliokwisha kuingia katika maisha ya mtu mwingine hauhitaji hati ya umiliki.

Kwa hiyo wazee wenzangu wa Lizaboni, Bombambili, Mfaranyaki, Peramiho, Mbinga, Namtumbo na kokote mnakosoma haya: yasemeni maisha yenu. Msianze na mwisho wake. Anzeni na siku mlizotenda, na msizifiche siku mlizokosa. Acheni kusema “mimi nilikuwa mkulima tu”, “nilikuwa nyumbani tu”. Kama mnaweza kuandika, andikeni hata kwenye daftari la shule. Kama hamwezi, mwambieni mjukuu mwenye simu arekodi.

Nanyi wanetu, mnapokuja likizo au msibani, msiishie kuuliza kama dawa zimeisha na kama bati linavuja. Hayo ulizeni, na mlipie. Kisha vuteni kiti mkae. Ulizeni kazi ilifanywaje, nani alikuwapo, walikula nini, waliogopa nini. Msimkatize mzee kwa kumwambia hiyo umeshatusimulia; anapoirudia, mara nyingi kuna kipande ambacho hakikusemwa mara ya kwanza. Makumbusho ya mjini kwetu yanatunza habari za watu 67. Habari za wengine wote tunazitunza sisi majumbani, au hazitunzwi kabisa.

Ombi langu ni la haraka. Aliyekuwa na miaka 20 siku chama cha vijiji vya Ruvuma kilipopigwa marufuku amepita sasa miaka 75, na waliokata mkonge wa Tanga kwa kipande wamebaki wachache sana. Nendeni kwao mwaka huu.